Kuku wako anapopata taabu ya kutaga: Yafanye haya mapema

Katika nyumba nyingi za Waislamu, mijini na vijijini, hakukosi kuku wawili watatu wanaozunguka uani. Kuku hawa ndio mboga ya mgeni, ndio yai la mtoto anayeachishwa ziwa, na mara nyingi ndio daftari na kalamu ya mwanafunzi. Mwenye mitetea minne akipoteza mmoja amepoteza robo ya mradi wake. Hata hivyo, kuku wengi hufa kwa maradhi ya kutaga ambayo yangeweza kuzuilika, au ambayo mwenye kuku angeyaona mapema angeamua la kufanya kabla mnyama hajawa mzoga.

Kumhudumia kuku anayeumwa si jambo la kipato tu. Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa yuko mwanamke aliyestahili adhabu kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie mwenyewe. Aidha, alipomwona ngamia aliyekonda hadi tumbo limeshikana na mgongo, aliwahimiza watu wamche Allah juu ya wanyama hawa wasioweza kusema. Kuku naye hana ulimi wa kukuambia kuwa yai limemkwama. Ni juu yako wewe uliyemfuga kumtazama.

YAI LINATENGENEZWAJE?

Ili uelewe maradhi ya kutaga, fahamu kwanza kazi kubwa anayoifanya kuku. Kiini hutoka kwenye kokwa la mayai upande wa kushoto, maana kwa kawaida kuku jike hutumia upande huo mmoja tu. Kikishatoka huteremka kwenye mrija mrefu, kikavikwa ute, kisha utando, na mwisho gamba. Safari yote huchukua takriban saa 24 hadi 26, na kiasi cha saa 20 katika hizo ni za kutengeneza gamba peke yake.

Gamba hilo karibu lote ni chokaa. Yai moja huchukua kiasi cha gramu 2 za madini ya kalsiamu kutoka mwilini mwa kuku. Asipoipata kwenye chakula huichukua kwenye mifupa yake mwenyewe. Ndiyo maana utamwona kuku anayetaga sana bila lishe ya kutosha anaishiwa nguvu za miguu, anataga mayai yenye gamba laini, na mwishowe anashindwa hata kulisukuma yai. Kalsiamu haitumiki kwenye gamba tu. Misuli inayosukuma yai nje nayo inaihitaji.

Robo tatu ya yai ni maji. Kuku aliyekosa maji kwa siku moja ya joto kali anaweza kusimama kutaga kwa siku kadhaa. Na anapohema kwa joto mdomo ukiwa wazi, gamba la mayai yake huwa jepesi hata kama anakula vizuri.

SI KILA ASIYETAGA NI MGONJWA

Usikimbilie dawa kabla hujamchunguza. Kuku wa kienyeji hutaga kwa mitago. Hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia. Akiatamia hatagi, na akitotoa hukaa na vifaranga wake wiki nyingi kabla ya kurudia kutaga. Hali kadhalika kuku anayebadilisha manyoya hupumzika kutaga, kwa kuwa manyoya mapya nayo yanahitaji chakula kingi. Kuku aliyepita miaka mitatu naye hupunguza mayai kila mwaka. Hayo yote ni maumbile.

Pia hakikisha hatagi kweli. Wapo kuku wanaotaga vichakani au chini ya kitanda cha jirani, na wapo wanaokula mayai yao wenyewe. Tabia hii ya kula mayai mara nyingi huanza pale yai lenye gamba laini linapopasuka kiotani, kuku akalionja. Dawa yake ni kuokota mayai mara mbili au tatu kwa siku, kuongeza chokaa na dagaa kwenye chakula, na kuweka kiota mahali penye giza kidogo.

DALILI ZA YAI LILILOKWAMA

Hili ndilo tatizo la haraka kuliko yote. Humpata zaidi mtetea anayetaga kwa mara ya kwanza, kuku mnene kupita kiasi, kuku mzee, kuku mwenye minyoo, na yule asiyepata kalsiamu. Yai kubwa lenye viini viwili nalo huweza kukwama.

Dalili zake ni hizi: kuku anaingia na kutoka kiotani bila kutaga, anasimama wima, mkia ukiwa umeshuka, anajikamua kama mwenye haja kubwa, hataki kula, anajitenga na wenzake, kinyesi kinakuwa chembamba au hakitoki kabisa. Mshike kwa upole, kisha papasa tumbo kati ya tundu la nyuma na ncha ya mfupa wa kidari. Ukihisi kitu kigumu cha mviringo, na hali hiyo imeendelea kwa saa kadhaa, yaelekea yai limekwama.

HUDUMA YA KWANZA

Usimkamue kuku tumbo. Watu wengi huua kuku kwa namna hii. Yai likipasukia ndani, vipande vya gamba humchana, na uchafu humwingia tumboni. Badala yake fanya haya:

1. Andaa beseni la maji ya vuguvugu, yale ambayo ukitia kiwiko hayakuunguzi. Mkalishe kuku humo, maji yamfike tumboni tu, kwa dakika 15 hadi 20. Wengi hutulia na hata kusinzia. Joto hulegeza misuli.

2. Mfute vizuri kwa kitambaa kikavu asije akapigwa na baridi. Osha mikono, kata kucha, vaa glovu kama unazo, kisha mpake mafuta safi ya kupikia au ya nazi pembeni mwa tundu la nyuma.

3. Muweke peke yake ndani ya boksi au tenga lenye nyasi kavu, mahali penye joto, giza na utulivu. Asifikiwe na jogoo wala watoto.

4. Mpe maji ya kunywa na chakula laini kilichochanganywa na unga wa maganda ya mayai. Kwenye maduka ya dawa za mifugo hupatikana pia kalsiamu ya maji. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

5. Kama baada ya saa moja au mbili yai halijatoka, rudia kumkalisha kwenye maji ya vuguvugu.

Ikipita siku nzima bila yai kutoka, maisha ya kuku yako hatarini. Usisubiri mpaka kesho kutwa. Muite afisa mifugo wa kata, au fanya uamuzi tutakaouzungumzia hapa chini.

KIZAZI KUTOKA NJE

Wakati mwingine kuku akishataga, nyama nyekundu yenye kung'aa hubaki imetokeza nje. Ukiona hivyo mtenge mara moja, usichelewe hata nusu saa. Kuku wenzake huvutiwa na rangi nyekundu, watamdonoa mpaka wamtoe utumbo.

Osha nyama hiyo kwa maji safi ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Kama imevimba, paka asali au sukari iliyoloweshwa. Vitu hivi hufyonza maji na uvimbe hupungua. Baada ya dakika chache, suuza, paka mafuta kidoleni, kisha rudisha taratibu kwa kusukuma ndani. Ikitoka, rudisha tena. Muweke kuku huyo gizani kwa siku kadhaa, umpunguzie chakula cha nguvu, ili asitage haraka na kidonda kipate kupoa. Tatizo hili lina desturi ya kujirudia. Kuku aliyetokwa na kizazi mara mbili au tatu hafai kuachwa aendelee kuteseka.

MAYAI YA AJABU, TUSIYAHUSISHE NA UCHAWI

Ndugu msomaji, hapa pana jambo la itikadi. Katika baadhi ya mitaa yetu, kuku akitaga yai dogo mithili ya gololi lisilo na kiini, watu huingiwa na hofu, wakadhani wametupiwa kitu. Ukweli ni kuwa kipande kidogo cha nyama au ute kimeteremka kwenye mrija wa mayai mahali pa kiini, nao mrija ukakivika ute na gamba kama kawaida yake. Hutokea zaidi kwa mitetea inayoanza kutaga, na siku zinazofuata mayai huwa sawa.

Hali kadhalika kuku jike anayewika. Wapo wanaomchinja kwa kudhani ameleta mkosi nyumbani. Sababu yake ni ya kimwili: lile kokwa la kushoto linapoharibika kwa ugonjwa au uzee, upande wa kulia uliokuwa umelala huweza kuamka na kutoa vichocheo vya kiume. Kuku huota upanga mkubwa kichwani, akaacha kutaga, akawika. Ni maradhi kama maradhi mengine. Mtume (s.a.w) amekataza kuamini nuksi za ndege na mfano wake, Muislamu asimwache shetani amtishe kwa sauti ya kuku.

Ama kuhusu doa la damu ndani ya yai, mara nyingi hutokana na mshipa mdogo uliopasuka wakati kiini kikitoka. Kiafya halina madhara. Litoe doa hilo kwa ncha ya kijiko kabla ya kupika.

IKIWA NI KUNDI ZIMA

Kuku mmoja akiwa na shida ya kutaga, chunguza lishe na umbile lake. Lakini kundi zima likipunguza mayai kwa ghafla, au mayai yakawa laini na yaliyopinda, fikiria ugonjwa wa kuambukiza, kama mdondo ambao wengine huuita kideri, au mafua ya kuku. Mdondo hauna tiba; kinga yake ni chanjo. Ipo chanjo ya aina ya I-2 inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani, hivyo inafaa vijijini. Hutiwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Wachanjeni kuku wazima. Wagonjwa chanjo haiwasaidii.

Wapo pia wadudu. Utitiri hujificha kwenye nyufa za banda na hutoka usiku kunyonya damu. Kuku anayesumbuliwa na utitiri hukimbia kiota, upanga wake hupauka na mayai hupungua. Choma matandiko ya zamani, ziba nyufa, na waache kuku waoge vumbi lililochanganywa na majivu. Dawa ya minyoo nayo wapewe kila baada ya miezi 3 au kama atakavyoelekeza mtaalamu.

LISHE YA MTETEA

Kinga ya mengi tuliyoyataja iko kwenye sahani. Pumba tupu na makombo ya ugali havimtoshi kuku anayetaga. Mchanganyie pumba na mahindi yaliyoparazwa, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, na majani mabichi kama mchicha au majani ya mpapai. Kisha mtengee chombo cha pembeni chenye chokaa, ale kadiri mwili wake unavyotaka. Chokaa hiyo yaweza kuwa maganda ya chaza na kombe kwa walioko pwani, maganda ya konokono, au maganda ya mayai yaliyokaangwa kidogo jikoni ili kuua vijidudu kisha yakatwangwa. Usitumie chokaa ya kupaka ukuta. Huunguza koo na tumbo.

Chokaa nyingi isichanganywe kwenye chakula cha vifaranga kwa kuwa huharibu figo zao. Kuku wapate pia jua la asubuhi. Mwili wao hutengeneza vitamini D kwa jua, na bila vitamini hiyo kalsiamu haifyonzwi ipasavyo hata ukiwapa kilo nzima.

Kiota kimoja kinatosha kuku wanne au watano. Kiwe na upana wa sentimita 30 hivi kila upande, chenye nyasi kavu zinazobadilishwa kila wiki.

USAFI WA MAYAI NA WA NYUMBA

Kuku mwenye afya anaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila yeye kuumwa. Kwa binadamu vijidudu hivyo huleta kuharisha, homa na maumivu ya tumbo, na ni hatari zaidi kwa watoto wachanga, wazee na wajawazito. Kwa hiyo baada ya kumshika kuku au kufagia banda, osha mikono kwa sabuni. Usimwoshee kuku mgonjwa kwenye beseni la vyombo wala la nguo za mtoto. Kuku wasilale jikoni.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kinyesi cha kuku ni najisi. Tenga basi nguo na viatu vya bandani, usiingie navyo kwenye msala. Tazama namna sharia na afya zinavyokutana: anayejihadhari na najisi kwa ajili ya swala yake anajikinga pia na maradhi.

Yai lenye uchafu kidogo lifutwe kwa kitambaa kikavu. Usiliweke kwenye maji baridi. Yaliyomo ndani hunywea kwa baridi na kuvuta vijidudu kupitia vitundu vya gamba. Ukilazimika kuliosha, tumia maji yenye joto kidogo kuliko yai lenyewe, kisha lipike siku hiyo hiyo. Yai lisilo na gamba au lenye ufa lililokutwa bandani lisiliwe. Na mayai yapikwe mpaka kiini kigande.

DAWA, NYAMA NA MAYAI

Wengi wetu hununua dawa za viuavijasumu kama oksitetrasaikilini na kuzitia kwenye maji kila kuku anapokohoa. Dawa hizi hazitoi yai lililokwama wala hazirudishi kizazi. Hufaa pale tu penye maambukizi, kwa ushauri wa mtaalamu, kwa kipimo na siku kamili. Zikitumika ovyo, vijidudu huzizoea, na siku mwanao akiugua dawa hazimsaidii. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai ya kuku aliyepewa. Siku hizo zimeandikwa kwenye kijikaratasi chake. Kumuuzia mtu mayai kabla siku hizo hazijaisha ni kumlisha dawa bila ridhaa yake.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni kuku anayekula uchafu jalalani na vyooni. Mtume (s.a.w) amekataza kula mnyama ambaye chakula chake kikubwa ni najisi, na imepokewa kuwa Ibn Umar (r.a) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu, akimlisha chakula safi, ndipo amchinje. Ni utaratibu mzuri kwa sheria na kwa afya.

KUTIBU AU KUCHINJA?

Hapa ndipo wengi huchelewa. Mzoga ni haramu kwa mujibu wa aya ya 3 ya Suratul Maida, na aya hiyo hiyo imetoa nafasi kwa mnyama aliyewahiwa kuchinjwa angali hai. Kuku aliyekwama yai tangu asubuhi, ambaye bado ana uhai imara, hana homa na hajapewa dawa, akichinjwa kisheria nyama yake ni halali na inalika baada ya kupikwa vizuri. Uamuzi huo ni rehema kwake kuliko kumwacha ajikamue siku tatu mpaka afe.

Lakini kuku aliyevimba tumbo na kujaa maji, anayetoa harufu, au aliyelala kwa siku kadhaa akiungua homa, huyo ana maambukizi ndani. Hata ukimuwahi kwa kisu usile nyama yake. Uhalali wa kuchinja hauondoi madhara ya ugonjwa, na Uislamu umekataza kujidhuru na kudhuru wengine. Mpumzishe kwa kisu kikali, kwa wepesi, kisha mfukie kwenye shimo refu au mteketeze. Usimtupe mtoni wala jalalani, mbwa na kunguru wakasambaza ugonjwa mtaa mzima. Wakifa kuku wengi kwa pamoja, mtaarifuni afisa mifugo.

Mara nyingi huulizwa: kuku akifa na yai tumboni, yai hilo linaliwa? Kauli yenye nguvu kwa wanazuoni wa Kishafi ni kuwa yai ambalo gamba lake limekwisha kuwa gumu ni tohara, na lile ambalo gamba halijagandamana ni najisi. Kwa upande wa afya, kama kuku amekufa kwa ugonjwa, bora uliache hata likiwa gumu.

Na lipo la mwisho, nalo ni zito. Kuna wanaoona kuku anasinzia, wakamfunga miguu haraka na kumpeleka sokoni kabla hajafa. Mtume (s.a.w) alipoingiza mkono kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta ndani imelowa huku juu pakavu, alimkemea muuzaji na kueleza kuwa mwenye kudanganya si katika sisi. Kuku mgonjwa aliyefichwa dalili zake ni nafaka iliyolowa. Pesa yake haina baraka, na ugonjwa alioubeba utarudi mtaani kwako.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi ukifungua banda, simama kidogo kabla ya kumwaga pumba. Tazama nani kashusha mkia, nani kajitenga, nani hajaja kula. Dakika mbili hizo ni sehemu ya amana uliyopewa, na huenda zikakubakishia mtetea wako.

Wallahu a'lam.